Ndege wa Uani na Mlio wa Hatari

Hotuba ya afisa wa uhusiano wa polisi na jamii mbele ya mkutano wa wananchi wa mpakani, Ayivu



Nilipoombwa kuzungumza juu ya usalama wa mpakani, nilijua kwamba wengi wenu mtatarajia nianze na wizi wa mifugo, au magendo, au uvumi unaotutoa usingizini. Nitafika huko. Kwanza naomba ruhusa yenu nianze na jambo lililo karibu zaidi, ambalo kila mmoja wetu amelishuhudia tangu utotoni: namna ndege wa uani wanavyotenda adui anapokaribia. Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na waliyoyaona yanafaa kusikiwa na watu wanaokaa mpakani.

Chukueni ua wowote wa Ayivu, saa nne asubuhi. Arua imekuwa jiji tangu tarehe 1 Julai 2020, lakini nyua zetu hazijaacha kuwa nyua. Upo mwembe, lipo ghala, upo muhogo ulioanikwa juu ya mwamba, na yupo kuku anayechakura huku vifaranga wakimfuata. Ghafla kivuli cha mwewe chapita juu ya paa. Kuku hutoa sauti moja nyembamba na ya kuvuta, na kufumba na kufumbua vifaranga hawaonekani. Wamo chini ya ghala, au chini ya mbawa za mama yao, au wamejibana kwenye majani wasitikisike.

Saa moja baadaye, paka-mwitu apita kandokando ya shamba. Kuku yuleyule sasa hatoi sauti ile nyembamba. Hulia kwa mkatomkato, kwa nguvu, tena kwa muda mrefu, shingo ameinyoosha. Vifaranga hawajifichi kama mwanzo. Hukimbilia kwa mama yao, na kuku wengine wote wa uani husimama wima wakitazama upande ule.

Ni milio miwili kwa adui wawili. Mama yeyote aliyefuga kuku huijua bila kutoka jikoni: akisikia wa kwanza hutazama juu, akisikia wa pili huchukua fimbo.

Wataalamu walitaka kujua kama kuku wenyewe huelewa tofauti hiyo, au kama wanamwiga tu mwenzao. Mwaka 1993, Christopher Evans na Peter Marler, pamoja na mwenzao, walitangaza matokeo ya jaribio lao nchini Marekani. Walinasa milio ya majogoo kwenye mashine, kisha wakawasikizisha kuku mahali pasipokuwa na adui yeyote. Kuku waliosikia mlio wa mwewe walikimbilia penye kificho, wakajikunyata na kutazama juu. Waliosikia mlio wa adui wa ardhini walisimama wima na kutazama huku na huku. Hapakuwa na mwewe wala mbweha; ilikuwapo sauti peke yake, na sauti hiyo ilitosha kuwaambia ni hatari ya namna gani na ni wapi pa kuelekeza macho.

Wataalamu hao waliona jambo la pili. Jogoo aliye peke yake akimwona mwewe, mara nyingi hunyamaza. Akiwa na kuku karibu yake, hupiga mlio. Basi mlio ule si kelele ya woga inayomponyoka mdomoni. Ni habari, na hutolewa pale palipo na wa kuipokea.

Hata umbo la sauti lina sababu yake. Huyo Peter Marler alieleza mwaka 1955 kwamba mlio wa kuonya juu ya mwewe kwa kawaida huwa mwembamba, wa juu, unaoanza na kuisha polepole. Sauti ya namna hiyo ni vigumu kujua inatoka wapi, na hivyo humlinda mwonyaji asije akawa yeye mwenyewe wa kwanza kukamatwa. Mlio wa kuwaita wenzake waje wamzonge adui ni kinyume chake: ni mkavu, wa kukwaruza, unaoanza na kukatika ghafla, ili kila asikiaye ajue mara moja ni wapi pa kwenda. Mmoja husema "jificheni", wa pili husema "njoni". Ole wake ndege anayesema "njoni" pale panapohitaji "jificheni".

Huko Japani yupo ndege mdogo anayetaga katika matundu ya miti. Adui zake wakubwa ni wawili. Kunguru huingiza mdomo tunduni na kuwatoa makinda mmoja mmoja. Nyoka huingia mwili mzima, na akiingia hasazi. Mtaalamu Toshitaka Suzuki alieleza mwaka 2011 kwamba wazazi wana mlio mmoja kwa kunguru na mwingine kwa nyoka. Makinda wakisikia ule wa kunguru hujilaza chini kabisa ya kiota, mdomo usipoweza kuwafikia. Wakisikia ule wa nyoka huruka nje ya tundu papo hapo, hata kama walikuwa hawajawahi kutoka. Fikirini sasa mzazi akikosea neno. Anayeruka penye kunguru amejipeleka mdomoni mwake. Anayejilaza penye nyoka amemsubiri mauti yake. Haitoshi kupiga kelele kwamba kuna hatari. Lazima iwe wazi ni hatari ipi.

Ndugu zangu, hapo ndipo kazi yangu na kazi ya ndege hawa zinapokutana. Mara nyingi simu hulia kituoni usiku, na sauti ya upande wa pili husema maneno matatu: "Afande, njooni, wamekuja!" Kisha hukatika. Ni nani waliokuja? Ni wangapi? Wako wapi? Wana silaha au wana mizigo? Wanakuja au wanaondoka? Afisa hubaki ameshika simu kama kinda asiyejua aruke au ajilaze. Sisemi haya kuwalaumu. Mtu mwenye hofu husahau. Nasema kwa sababu kuku wa uani, kwa ubongo wake mdogo, huweza kuyatofautisha mambo mawili kabla hajafungua mdomo, nasi tunaweza kujizoeza kufanya hivyo.

Sasa tutoke kidogo uani twende Kenya, nyika ya Taru, kati ya Voi na Mombasa. Huko mtaalamu Anne Rasa aliyaona mambo aliyoyaandika mwaka 1983. Nguchiro wadogo hulala ndani ya vichuguu. Asubuhi hondohondo huja, hutua karibu na kichuguu na kungoja. Nguchiro wakitoka, wote huondoka pamoja kutafuta chakula. Hondohondo hula panzi wanaoruka mbele ya miguu ya nguchiro. Nguchiro hupata macho ya ziada juu ya miti. Wasipokuja hondohondo, nguchiro hukawia kutoka. Wakiwapo, nguchiro hupunguza walinzi wao na kula kwa utulivu zaidi.

Lakini lililomshangaza mtaalamu yule ni hili: hondohondo huonya hata anapotokea kipanga asiyeweza kumdhuru hondohondo aliyekomaa, bali humla nguchiro tu. Huyu ni ndege na yule ni mnyama, hawana ukoo, hawana lugha moja. Hata hivyo mmoja huonya juu ya adui wa mwenzake, kwa sababu mwenzake akiliwa, kesho hapatakuwa na wa kumfurushia panzi.

Sina haja ya kueleza sana mfano huu mahali hapa. Walugbara wako pande zote mbili za mpaka wa Kongo. Wakakwa wako Koboko, wako Kongo na wako Sudani Kusini, na pale Salia Musala nchi hizo tatu hukutana. Sudani Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kongo ikafuata mwaka 2022. Lakini masoko yetu yalikuwa jumuiya kabla ya mikataba hiyo. Mbuzi anayeibwa upande huu huuzwa upande ule, na pikipiki inayoibwa upande ule huonekana huku. Mwonyaji asiyejali adui wa jirani yake atakuwa peke yake siku yake itakapofika. Nanyi jirani zetu wa Kongo mkimwona anayetuwinda sisi, hata kama ninyi hawezi kuwadhuru, tupigieni mlio. Nasi tutafanya vivyo hivyo kwenu.

Turudi uani, maana sasa nafika kwenye jambo zito. Nyote mnamjua shore, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi, anayeamka mapema na kupayuka mchana kutwa. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kumgundua nyoka mwembeni au bundi aliyelala kwenye majani. Akimwona, hanyamazi wala hakimbii. Hupiga ule mlio mkavu wa "njoni", na mara hufika chozi, kwera na mramba, hata ndege waliokuwa wakigombana dakika moja kabla. Humzunguka adui, humkaribia na kurudi nyuma, humzomea mpaka achoke na kuondoka. Kwa kawaida hawamgusi. Bundi aliyegunduliwa hawezi tena kumvizia mtu, kwa hiyo kumfichua kunatosha. Tena makinda waliotoka viotani karibuni hutazama na kujifunza: kumbe huyu ndiye adui.

Ni mafunzo mema, lakini yana hatari ndani yake. Mwaka 1978 mtaalamu Eberhard Curio na wenzake, huko Ujerumani, walifanya jaribio na ndege weusi wa bustani za Ulaya. Waliwaweka ndege wawili katika vizimba viwili, katikati wakaweka sanduku lenye vyumba. Ndege wa kwanza alionyeshwa bundi, akaanza kuzomea kwa haki. Ndege wa pili hakumwona bundi. Upande wake wa sanduku palikuwa na ndege mgeni asiye na madhara yoyote. Aliona mwenzake anazomea kuelekea kwenye sanduku, naye akaamini kwamba kinachozomewa ni huyo mgeni aliye mbele yake. Akajiunga.

Kisha huyo wa pili akawekwa awe mwalimu wa ndege wa tatu, wa tatu akamfundisha wa nne, na hivyo hivyo mpaka wa sita. Wote walimzomea kiumbe asiye na hatia, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amemwona akitenda kosa. Watafiti wakajaribu pia kwa chupa ya plastiki. Ndege wakafundishwa kuiogopa na kuizomea chupa.

Niliposoma habari hiyo sikucheka, na nitawaambia kwa nini.

Nilipokuwa mchanga katika kazi hii, nilifanya kazi katika kituo kingine, mbali na hapa, ambacho sitakitaja. Usiku mmoja yowe lilipigwa senta: mwizi, mwizi! Watu wakatoka na fimbo na mawe. Wakamkuta kijana mgeni aliyesukuma baiskeli, na mbuzi amefungwa nyuma. Waliposema naye, alijibu kwa lugha ambayo hakuna aliyeifahamu. Hilo likawa ushahidi. Tulipofika tulimkuta yu hai, lakini mkono wake wa kulia haujafanya kazi tena tangu usiku ule. Katika mfuko wa shati lake tulikuta karatasi ya soko, imelowa damu, yenye saini ya muuzaji. Mbuzi alikuwa wake. Alikuwa amemnunua mchana kwa ajili ya matanga ya mama yake.

Nilikesha nikiandika maelezo ya mashahidi. Nilimuuliza kila mmoja: ulimwona akiiba? Hapana, afande, nilimsikia fulani akipiga yowe. Nikamwendea fulani: wewe ulimwona? Hapana, nilimkuta jirani anakimbia. Nikamfuata jirani. Nilizunguka senta nzima, nisimpate mtu wa kwanza. Watu wote walikuwa ndege wa pili, na wa tatu, na wa sita.

Lipo na langu katika usiku ule. Mimi ndiye niliyepokea taarifa ya kwanza kituoni. Wiki ile tulikuwa tumeitwa mara mbili kwa yowe la bure, nami nilipoambiwa kuna mwizi senta nilisema tumalize kwanza chai. Ilikuwa kama robo saa. Mkono wa kijana yule ulivunjwa ndani ya robo saa hiyo. Nimeibeba mpaka leo, na nimeileta mbele yenu kwa sababu siwezi kuwaomba ninyi mrekebishe mlio wenu kabla sijakiri kwamba na sisi polisi sikio letu limewahi kuwa zito.

Walakini ndege hao hao wana njia nyingine. Katika mji wa Seattle, Marekani, John Marzluff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington waliwakamata kunguru kadhaa mwaka 2006, wakiwa wamevaa sura ya bandia ya namna moja. Wakawafunga alama miguuni, wakawaachilia. Baadaye watu walipita mahali pale, wengine wamevaa sura ile, wengine wamevaa sura nyingine ya bandia. Kunguru waliwazomea wenye sura ile hasa, na kwa kiasi kikubwa wakawaacha wale wengine wapite. Miaka ilipopita, hata kunguru ambao hawakuwahi kukamatwa walijiunga, lakini dhidi ya sura ileile. Kunguru hakusema kwamba binadamu wote ni wabaya, wala kwamba kila mgeni ni mkamataji. Alimkumbuka aliyetenda.

Wengi wa wazee mlioketi hapa mlivuka mpaka mwaka 1979 na miaka iliyofuata, mkaishi Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule, au Sudani, mkiwa wageni kati ya watu. Mlijua ilivyo kutazamwa kama sura badala ya mtu. Leo wengine wamekuja kwetu kwa sababu zilezile. Miongoni mwao wanaweza kuwamo wahalifu, kama ilivyo miongoni mwetu. Mwenye kosa tumjue kwa kosa lake. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 28, inasema mtuhumiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe au akiri mwenyewe. Ibara hiyo haikuandika kabila wala upande wa mpaka.

Sasa kuhusu mwongo. Mramba mnamjua: mweusi, mkia umegawanyika kama uma, shujaa asiyeogopa hata tai. Huyu ni mlinzi mwema, na ndege wengi humtegemea. Lakini katika jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, mtaalamu Tom Flower aliwafuata miramba kwa miaka na kutangaza mwaka 2014 kwamba ndege hawa pia ni matapeli. Mramba hukaa karibu na wanyama na ndege wengine wanaotafuta chakula, huwaonya kwa kweli adui anapotokea, nao humwamini. Kisha mmoja wao akipata windo nono, mramba hupiga mlio wa hatari ilhali hatari haipo. Wote hukimbia, windo hudondoka, mramba hushuka na kulichukua. Kwa hila hiyo na nyingine za wizi hupata karibu robo ya chakula chake cha siku, yaani asilimia 23.

Njia ya mwongo ni fupi, na mramba analijua hilo. Akiona wamezoea mlio wake na hawakimbii tena, hubadili: huiga mlio wa hatari wa ndege mwingine, au wa mnyama yule yule anayetaka kumwibia. Uongo wake husimama juu ya mgongo wa ukweli alioutoa asubuhi.

Ndugu zangu, nanyi mmekwisha kuwaona miramba katika vijiji na katika simu zetu. Ujumbe unaenea usiku: wapiganaji wamevuka, hameni. Watu wanakimbia, maduka yanabaki wazi, asubuhi bidhaa hazipo. Au: fulani ni mchawi, fulani ni mpelelezi, na baada ya mwezi shamba la fulani lina mwenyewe mpya. Kila msikiapo mlio wa hatari, kimbieni kama ni lazima, lakini mkifika salama ulizeni: ni nani amebaki nyuma akiokota chakula?

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa heshima zote kwao, katika kazi yangu nimeona mengi yaliyosemwa ambayo hayakuwapo wala hayakuja. Yaliyokuja ni madhara ya kusemwa kwake. Hofu yenyewe ina gharama. Mtaalamu Liana Zanette na wenzake, huko Kanada, walivilinda viota vya ndege wadogo wanaofanana na shomoro kwa nyavu na nyaya za umeme, hata adui asiweze kufika. Kisha kwa msimu mzima wakawasikizisha baadhi yao sauti za adui kutoka kwenye mashine, na wengine sauti za viumbe wasio na madhara. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011: waliosikia sauti za adui walikuza watoto pungufu kwa asilimia 40. Hakuna aliyeliwa. Walitaga mayai machache, walikaa kidogo juu ya mayai, walileta chakula kidogo kwa makinda, kwa sababu muda wao uliliwa na kuogopa. Mama asiyekwenda shambani kwa sababu ya uvumi, na mfanyabiashara anayefunga duka kila wiki kwa habari isiyo na mwenyewe, wamenyang'anywa na adui ambaye hajafika.

Basi tufanye nini?

La kwanza, mlio wetu uwe na mwenyewe. Wazee wa Kilugbara mnajua kuliko mimi habari ya cere, ule ukelele mrefu ambao kila mtu alikuwa na wake. Aliyeusikia kutoka kilima cha pili alijua anayeita ni nani kabla hajamwona. Palikuwa na usalama mkubwa katika desturi hiyo: yowe lilikuja na jina. Ujumbe wa simu usio na jina ni cere ya nani? Usiupeleke mbele mpaka ujue. Anayeogopa kutajwa hadharani na aje kwetu faraghani, au kwa mwenyekiti wa kijiji, na jina lake litahifadhiwa. Lakini sisi tulijue.

La pili, mlio useme ni adui gani. Mkipiga namba 999 au 112, au mkija kituoni, semeni mliyoyaona kwa macho: ni watu au mnyama, ni wangapi, wako wapi, saa ngapi, wanaelekea wapi, wamebeba nini. Kisha semeni mliyoyasikia, mkitaja kuwa mmeyasikia. Yote mawili yanatufaa, yasipochanganywa.

La tatu, tumzonge adui kama shore. Mfichueni, mzungukeni kwa mbali, msimpoteze machoni, iteni wengine, iteni polisi. Shore hamuui bundi; humnyima kificho tu, na hilo linatosha kumshinda. Anayepiga mawe mpaka mtu afe amekuwa yeye mwenyewe mhalifu, na sheria itamtafuta kama inavyomtafuta mwizi.

La nne ni letu sisi polisi. Kila taarifa iandikwe katika kitabu cha kituo, na mtoaji apewe namba yake. Ikiwa imethibitika, aambiwe. Ikiwa haikuthibitika, aambiwe pia. Pasiwe na chai ya kumaliza kwanza. Ndege akionya mara nyingi na asipate wa kusikia, mwisho hunyamaza kama jogoo aliye peke yake, na siku ya mwewe kweli hatutamsikia.

Mkirudi nyumbani leo jioni, keti kidogo uani kabla kuku hawajaingia kulala. Sikilizeni. Akilia kwa sauti nyembamba, tazameni juu. Akilia kwa mkatomkato, tazameni kichakani. Kisha mtazameni adui akiisha kupita: haichukui muda, kuku hutoka, hukung'uta mbawa, huwaita vifaranga na kuendelea kuchakura. Ameonya, amejificha, amehakikisha, amerudi kazini. Vifaranga wale wanamwamini kwa sababu hajawahi kuwadanganya, na kwa imani hiyo wengi wao wataishi mpaka wawe kuku.

 Sasa naomba maswali, na nitaanza na wageni wetu waliovuka, maana wao wana safari ya kurudi.